Docker Haikumsaliti Mtu

Mwandishi anayedai kwamba Docker iliwasaliti wasanidi programu ilipoanza kuzitoza kampuni ameyaruka masharti yenyewe. Tangazo la ada la Agosti 2021 lilihusu Docker Desktop tu, programu ya kuendeshea kontena (vifurushi vya programu) kwenye kompyuta ya msanidi. Injini yenyewe inayoendesha kontena, Docker Engine, ilibaki huria chini ya leseni ya Apache. Wanafunzi, watumiaji binafsi na miradi huria isiyo ya kibiashara hawakuguswa, wala kampuni yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato yasiyofika dola milioni 10 kwa mwaka. Waliobaki walipewa hadi mwisho wa Januari 2022 wajipange, na bei ilianzia dola 5 kwa mtu kwa mwezi. Usaliti uko wapi hapo?

Atasema watu walizoeshwa cha bure, kisha wakatozwa wakiwa wameshanasa. Pingamizi hilo lina uzito, maana mazoea hufunga mikono kweli. Lakini Podman, programu mbadala ya bure, ilikuwapo, na aliyetaka kuhama alihama. Kinachoniuma ni kimya cha mwandishi huyo kuhusu wanaoitunza Docker Desktop na kuziba mianya yake ya usalama. Kampuni inayoingiza mamilioni kwa jasho lao iwalipe.