Tujue Kwanza Kujenga kwa Mkono

Muhula huu Chama cha Kompyuta cha shule yetu kimegawanyika pande mbili, na kwa kuwa mwakani sisi wa Kidato cha Nne hatutakuwapo, naona yafaa nitoe maoni yangu katika gazeti hili kabla uamuzi haujafanywa. Upande mmoja wasema kwamba mwanachama mpya afundishwe tangu siku ya kwanza kutumia zile zana kubwa zitumiwazo na makampuni, ambazo hujenga programu zenyewe mtu akibonyeza kitufe kimoja. Upande wa pili, nami nimo, wasema kwamba mwanachama ajue kwanza kujenga programu kwa mkono, hatua baada ya hatua, ndipo apewe kitufe. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyeingia katika chumba cha kompyuta. Walakini nitajaribu kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba lawahusu hata wazazi wetu, ambao michango yao ndiyo iliyonunua kompyuta zile.

Kwa faida ya wasomaji wasioijua kazi hii, nitaieleza kwa ufupi. Programu huandikwa kwa maneno na alama ambazo mtu aweza kuzisoma, nayo huwekwa katika faili nyingi. Kompyuta yenyewe haifahamu maneno hayo. Hufahamu namba tu. Kwa hiyo iko programu nyingine, iitwayo kompaila, ifanyayo kazi ya mkalimani: hutwaa kila faili na kuitafsiri. Baada ya hapo vipande vilivyotafsiriwa huunganishwa pamoja, tena huunganishwa na vipande vilivyotungwa na watu wengine, ambavyo huitwa maktaba. Kisha programu hujaribiwa, na ikifaulu hufungwa tayari kupelekwa kwa watumiaji. Kazi hiyo yote ndiyo ujenzi wa programu. Programu ya faili tatu mtu aweza kuijenga kwa kuandika amri mbili au tatu. Programu ya benki yaweza kuwa na maelfu ya faili, na hapo mkono wa mtu hauwezi. Ndiyo sababu watu walibuni ujenzi wa kujiendesha.

Mwanzo wa ujenzi huo wafaa kukumbukwa. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, mtaalamu mmoja alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyo na kosa. Kosa lenyewe alikuwa amekwisha kulisahihisha, lakini faili ile haikutafsiriwa upya, basi kompyuta ikaendelea kutumia ile ya zamani. Mwenzake, Stuart Feldman, aliposikia malalamiko yale alitunga programu ndogo iitwayo Make. Kazi yake ni kutazama ni faili ipi imebadilika, na kuitafsiri hiyo pamoja na zile ziitegemeazo tu. Make yatumika hata leo, na mwaka 2003 Feldman alipewa tuzo ya chama cha wataalamu wa kompyuta, ACM, kwa ajili yake.

Lakini hata Make ina kero yake. Kila mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukianza kwa nafasi za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, inakataa. Feldman mwenyewe aliiona kasoro hiyo mapema, lakini alikuwa amekwisha kupata watumiaji wapatao kumi na wawili, naye hakutaka kuwaharibia kazi yao. Basi kwa kuwahurumia watu kumi na wawili, watu wengi wasiohesabika wamesumbuka kwa karibu miaka 50, na sisi wa chumba cha kompyuta tumo. Hapo twajifunza kwamba kasoro ya zana si kama kasoro ya kitu kingine. Meza mbovu humsumbua yule aikaliaye, bali zana mbovu huwasumbua wote waitumiao na wote watakaoirithi.

Kaka yangu mkubwa ni mtunga programu katika kampuni moja mjini Dar es Salaam. Likizo iliyopita alinieleza jinsi siku yake inavyokwenda. Akibadili mstari mmoja tu, hupeleka kazi yake katika seva ya ujenzi, kisha hungoja dakika arobaini. Mwisho wa dakika hizo huona alama nyekundu pamoja na kurasa nyingi za maandishi, na ndani ya kurasa hizo, mahali fulani, mna sentensi moja yenye maana. Mara nyingi kosa si lake. Yawezekana diski ya seva imejaa, au cheti cha usalama kimekwisha muda wake, au maktaba fulani imebadilishwa usiku na mwenyewe. Maagizo ya seva ile yaliandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Yana mistari zaidi ya elfu mbili, wala hakuna aliyebaki athubutuye kuyagusa. Basi dawa yao ni kubonyeza kitufe mara ya pili na kumwomba Mungu. Nilimwuliza kwa nini hawaombi zana nyingine. Alinijibu kwamba zana ile haikuchaguliwa na wale waitumiao; ilinunuliwa na wakubwa, kwa mkataba wa miaka mingi, baada ya kuonyeshwa picha nzuri ukutani.

Hapa shuleni mambo ni yale yale, ila sisi hatulipwi mshahara. Kompyuta zetu ni kumi na nne, na kila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Zana kubwa tuliyowekewa huijaza karibu yote kabla mtu hajaandika herufi moja. Tena kila mradi mpya hudai intaneti, ili ilete maktaba nyingi ambazo hatukuziomba. Intaneti yetu ni ya bando linunuliwalo kwa fedha za chama, na mwezi wa Juni bando la mwezi mzima lilikwisha siku ya tatu, kwa kujenga programu ya kuandika maneno "Karibu Shuleni" kwenye kioo. Siku zilizobaki wanachama wapya walikaa wakitazama mstari wa kijani usiofika mwisho. Wanne kati yao wameacha chama, wakisema kwamba kompyuta ni ngumu. Mimi nasema hawajui kama ni ngumu au ni rahisi, kwa maana hawakupata nafasi ya kuitumia.

Wenzetu wa upande wa pili wana hoja nzuri, nami sitaki kuificha. Wasema kwamba mkono wa mtu husahau, bali mashine haisahau. Ni kweli. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilikuwa imeweka programu mpya katika seva zake nane. Fundi aliyepewa kazi hiyo aliziwekea saba, akaisahau moja, wala hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Soko lilipofunguliwa, seva ile iliyosahauliwa ikaanza kununua na kuuza hisa ovyo kwa programu ya zamani. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya dola zaidi ya milioni 460, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine. Kazi ile ingalifanywa kwa njia ya kujiendesha, yamkini seva ya nane isingalisahauliwa. Basi sisemi tuzivunje mashine. Nasema tu kwamba haifai kumpa mtu mashine ambayo haelewi inafanya nini.

Maana mambo ya kutoelewa nayo yana hasara zake. Mwezi wa Machi 2016 mtunga programu mmoja alighadhibika kwa ajili ya ugomvi wa jina, akaziondoa kazi zake zote katika ghala la maktaba liitwalo npm. Mojawapo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, jambo ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kulitunga kabla ya kengele kulia. Siku ile ujenzi wa programu ulikwama katika makampuni mengi duniani, na waliokwama wengi hawakujua hata kidogo kwamba waliitegemea.

Mwezi wa Desemba 2020 likajulikana jambo baya zaidi. Wahalifu walikuwa wameingia katika seva ya ujenzi ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani. Hawakuyagusa maandishi ya programu yaliyohifadhiwa. Walingoja mpaka ujenzi uanze, wakabadilisha faili moja, na ujenzi ulipokwisha wakairudisha ile ya kwanza. Watunga programu walipoyasoma maandishi yao hawakuona dosari. Kumbe programu yenye sumu ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri wa kampuni na kupelekwa kwa maelfu ya wateja, zikiwamo ofisi za serikali ya Marekani.

Tena tarehe 29 Machi 2024 mtaalamu mmoja, Andres Freund, alitangaza kwamba maktaba iitwayo xz, itumikayo katika kompyuta nyingi sana, imetiwa mlango wa siri. Mlango huo ulikuwa umefichwa katika maagizo ya ujenzi na katika faili za kujaribia, mahali ambapo watu hawana desturi ya kusoma. Freund aliugunduaje? Aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya mtandao kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Mtu mwingine angalisema mashine zina tabia zake, akaendelea na kazi. Yeye alijua kazi ile huchukua muda gani kwa kawaida, kwa hiyo akauliza, akafuata mpaka akafika kwenye mzizi. Nimelifikiri sana jambo hili, kwa maana nusu sekunde ile haikuwa na faida yoyote ila kwa mtu ajuaye kazi inavyokwenda.

Watu watasema kwamba makampuni yataka vijana wazijuao zana zao, na sisi twatafuta kazi. Nami najibu kwamba zana hizo hubadilika kila baada ya miaka michache, na ile tutakayofundishwa leo yawezekana isiwepo tutakapomaliza chuo. Lakini kutafsiri faili, kuziunganisha, kuzijaribu na kuzifunga ni kazi zilizokuwapo mwaka 1976, nazo zipo hata leo ndani ya kila zana. Mwenye kuzijua hizo atajifunza zana yoyote kwa muda mfupi, na siku ikikwama atajua pa kuanzia.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya chama. Kwanza, muhula wa kwanza wa kila mwanachama uwe wa kihariri kidogo cha maandishi, kompaila, na amri zilizoandikwa kwa mkono. Vyote hivyo hufanya kazi vizuri katika kompyuta zetu, wala havidai bando. Pili, maktaba zote tunazozihitaji zishushwe mara moja na kuhifadhiwa katika kompyuta moja ya shule, ili ujenzi usimame kwa miguu yake hata intaneti ikikatika. Tatu, mradi wa chama usitumie faili yoyote ya maagizo ambayo hakuna mwanachama hata mmoja awezaye kusimama mbele ya wenzake na kueleza mistari yake. Baada ya hayo, mwanachama atakayetaka zana kubwa apewe, nami nitampongeza.

Walimu wetu nawaomba kwa heshima wasitupime kwa idadi ya programu zilizojengwa, bali watuulize zilijengwaje. Wazazi nao nawaomba, mtakapotuchangia tena, mwulize kwanza watakaoitumia zana wanahitaji nini, kabla ya kumsikiliza muuzaji. Na nyinyi wadogo zetu wanne mlioondoka, mkutano mkuu wa chama utafanyika Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga shule. Nafasi zenu bado zipo, na safari hii tutaanza na amri mbili tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne