Breki si kazi ya kubahatisha

Imekuwa jambo la kawaida, Unguja na Pemba, kumkuta mwenye gari amelinyanyua kwa jeki uani mwake siku ya Jumapili, akibadilisha pedi za breki kwa mkono wake mwenyewe. Wapo wanaoona kuwa jambo hilo ni la hatari na lipigwe marufuku. Sisi hatukubaliani nao. Pedi zimetengenezwa zilike, na kuzibadilisha ni kazi iliyo katika uwezo wa mtu mwenye vifaa na subira. Tunachokikataa ni papara.

Umuhimu wa breki hauhitaji kuelezwa kwa yeyote aliyeteremka vilima vya Pemba ndani ya gari lililojaa watu na mikungu ya ndizi. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma. Pini ambazo kalipa hutelezea juu yake hupata kutu na kukwama, ikawa pedi ya upande mmoja imekwisha na mwenzake bado nene. Anayetia pedi mpya bila ya kuzisafisha pini hizo na kuzipaka grisi ya breki, ametupa fedha zake.

Wengi wanajua kufungua nati na kuvua gurudumu. Makosa hutokea kwengine. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kabla ya mtu kutia mkono chini, gari likae juu ya stendi za chuma, mahali pagumu palipo sawa wala si mchangani, na magurudumu yaliyobaki yawekewe vizuizi. Tofali la saruji, ambalo wengi wetu hulikimbilia, hupasuka bila ya kutoa taarifa. Kalipa isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Pedi za kulia na za kushoto zibadilishwe pamoja. Na pistoni ikisharudishwa nyuma, kanyagio huzama hadi chini bila ya kushika kitu. Asiyelikanyaga mara kadhaa mpaka likawa gumu, kabla ya kuliondoa gari, atayajua hayo ukutani au, Mungu apishe mbali, kwa mtoto wa jirani.

Vumbi la breki lisipulizwe, kwa pampu wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Ziko pedi zilizotengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Uingereza iliikataza mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake mwaka 2005, na Marekani ikatoa kanuni ya kuizuia hata katika breki za magari mwaka 2024. Mtu afanyaye kazi hiyo uani, watoto wakimzunguka na nguo zikianikwa pembeni, ana haki ya kujua ameshika nini.

Hapo ndipo mzigo unapowaangukia wakuu wetu. Mwenye gari hana maabara nyumbani kwake, na boksi zuri si ushahidi wa pedi nzuri. Tunaomba vipuri vya breki vipimwe vinaposhushwa bandarini, kabla havijatawanyika madukani, na kila boksi liwe na maandishi ya Kiswahili yanayoeleza pedi zimetengenezwa wapi na kama zina asbesto au hazina. Tunaomba pia vyuo vya mafunzo ya amali vya visiwa vyote viwili viwawekee wenye magari masomo mafupi ya jioni, maana watu wataendelea kujifungia breki wenyewe, wakifundishwa wasifundishwe.

Kwa daladala na magari ya skuli hatuna mjadala. Breki zake zifungwe na fundi aliyehitimu ambaye jina lake limeandikwa, na mkaguzi anapolipima gari la namna hiyo avue gurudumu aziangalie pedi kwa macho yake, ndipo atie saini.