Tujue haja ya mtoto kabla ya kushika fimbo



Mara nyingi nasikia wazazi, na hata walimu wenzangu, wakisema kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, na kwamba wengine vichwa vyao ni vizito tangu kuzaliwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha vijijini huku Masasi kwa zaidi ya miaka kumi, na nasema maneno hayo si kweli. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliokosa.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa kijiji kingine, si hapa Chiungutwa niliko sasa. Katika darasa la tatu alikuwapo mvulana ambaye kila zoezi alinakili kutoka daftari la jirani yake, hata makosa ya jirani aliyaandika vilevile. Nilimwonya, hakusikia. Nikamchapa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena zisizidi nne na ziandikwe katika kitabu. Mimi ruhusa hiyo sikuwa nayo, na kitabu sikukifungua.

Mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho, mtoto huyo akawa haonekani shuleni. Nikaenda shambani kwa bibi yake kumfuata. Nilimkuta amepiga magoti chini ya mkorosho, anapapasa majani makavu kwa viganja. Bibi akaniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu huokota kwa mikono, kwa macho hawezi. Nilidhani unajua."

Sikujua. Miezi tisa nilisimama mbele yake kila siku asubuhi nikiandika ubaoni, naye alikuwa akisikia tu sauti ya chaki. Kunakili kwa jirani ndiyo njia pekee aliyoipata ya kubaki shuleni, na mimi nilimchapa kwa sababu hiyo.

Kumpeleka hospitali hakukuwa jambo la siku moja. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba alikuwa na yake, maana mauzo yalikuwa hayajalipwa, na kwake mtoto anayekula na kucheza si mgonjwa. Miwani ilipatikana Machi ya mwaka uliofuata. Kijana alianza kusoma, lakini yale ya darasa la kwanza na la pili, ambayo hakuyaona kabisa, hayakurudi. Alimaliza darasa la saba na jina lake halikutoka katika waliochaguliwa. Leo ni mtu mzima, tukikutana hunisalimu kwa adabu, nami huona aibu.

Chuoni tulifundishwa habari za mtaalamu wa Marekani, Abraham Maslow, aliyeandika mwaka 1943 kwamba mtu ana mahitaji yanayopandana kama ngazi, chakula na usalama vikiwa chini. Tuliikariri ngazi ile kwa ajili ya mtihani na tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba ukiingia darasani utakuta watoto 90, na kila mmoja amekwama mahali pake. Huyu haoni, yule masikio yanatoka usaha tangu alipougua utotoni, mwingine nyumbani husikia Kimakonde au Kimakua tu na Kiswahili anakikuta kwa mwalimu. Wote watatu watakaa kimya ukiwauliza swali, na mwalimu mwenye haraka atawaandikia alama moja.

Halafu liko suala la njaa, na hapa nitasema zaidi kwa kuwa linatuhusu wazazi wote. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Hao ndio wanaokuja kuandikishwa darasa la kwanza. Kuanzia Januari hadi Machi, chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha shambani bado, watoto wengi hutoka nyumbani bila kitu tumboni. Kipindi cha tatu wanasinzia. Binti mmoja niliyedhani ana usingizi wa kuchezacheza usiku aliniambia kwamba kwao zamu yake ya kula ni jioni.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wengi wetu tulielewa kwamba mzazi hadaiwi tena chochote. Serikali ilieleza mwaka huohuo kwamba chakula na sare bado ni juu ya mzazi, na baadaye ukatoka mwongozo wa chakula na lishe shuleni. Lakini mikutano ya kijiji ikifika hapo watu hunyanyuka mmoja mmoja. Na si kwamba hatuna kitu. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 korosho ghafi zilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kikombe cha uji kinataka unga kama gramu 50. Kwa siku 60 za masomo katika miezi ile ya njaa, mtoto mmoja anahitaji unga kilo tatu. Mzazi akitoa thamani ya kilo mbili za korosho mwezi wa Novemba, kabla fedha haijaishia kwenye bati, pikipiki na sherehe za unyago, unga, sukari na kuni vitapatikana. Sherehe sizipingi, hata mimi nilichezwa ngoma.

Ila uji hautibu macho. Kuna shule zikishapika uji huona zimemaliza kazi. Kwa hiyo naomba Wizara ya Elimu iagize kwamba kila Januari, kabla ya kufungua vitabu, mwalimu wa darasa la kwanza atenge siku mbili za kumpima kila mtoto peke yake. Herufi E ichorwe kwenye karatasi, igeuzwe huku na huku, mtoto asimame mita sita aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Kisha mwalimu amwite jina kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake. Amwulize jana alikula nini na usiku analala kwa nani. Majibu yaandikwe katika daftari litakalomfuata mtoto hadi anapomaliza shule, na mganga wa zahanati apewe majina ya wanaohitaji kupelekwa mbele.

Wenzangu watasema kazi ni nyingi na walimu ni wachache. Ni kweli, nami nazijua meza zetu zilivyojaa madaftari. Lakini miezi tisa niliyompoteza yule mvulana ilikuwa kazi pia, na ilinichosha zaidi ya siku mbili.

Ni mimi,
Mwalimu wa Kijijini,
Chiungutwa, Masasi.