Mzazi, unapokea hesabu gani kwa bodaboda wako?



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja jirani yangu hapa Nachingwea alinishika mkono nje ya msikiti, akaniomba nikamjulie hali mwanawe. Kijana huyo, ambaye baba yake alimnunulia pikipiki kwa fedha za korosho za msimu uliopita, alikuwa ameanguka kwenye changarawe akitokea Naipanga. Tulimkuta amelala mkekani, mguu umefungwa bendeji, uso umechubuka. Abiria wake, mama mtu mzima, alikuwa amevunjika mkono.

"Mwanangu, ilikuwaje?" nilimuuliza.

"Sijui, Ustadhi. Breki zilikataa, nikajikuta chini."

Baba yake akaingilia kwa upole: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, Ustadhi. Muhimu yu hai."

Nikaitikia Alhamdulillah kwa moyo wote. Hata hivyo, kesho yake nilipopata habari kwamba fundi ameikagua pikipiki na kukuta breki zote mbili ni nzima, lile neno "sijui" likanirudia na kukataa kuniondoka.

Kuamini kadari ni katika nguzo za imani, wala hakuna Muislamu anayebishana juu ya hilo. Lakini kadari haikuletwa iwe pazia la kufunikia uzembe. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha yule bwana aliyemwacha ngamia wake huru kwamba kwanza amfunge, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Nasi tukianguka, adabu ya imani ni kumshukuru Allah kwa kilichosalimika, kisha tutafute ni kamba gani tuliyoiacha bila kuifunga.

Tatizo ni kwamba anayeanguka mara nyingi kweli hajui. Mambo yote huisha ndani ya sekunde moja au mbili, na akili hubaki na vipande vipande. Askari hufika baadaye akapima alama za matairi; watu waliokuwepo kila mmoja ana kauli yake. Kwa sababu hiyo, watafiti wa usalama barabarani walifikia uamuzi wa kuipa pikipiki yenyewe macho na kumbukumbu.

Nchini Marekani, Taasisi ya Usafirishaji ya Virginia Tech, kwa ushirikiano na taasisi ya mafunzo ya waendesha pikipiki ya nchi hiyo, ilifunga vifaa katika pikipiki za waendeshaji 100 wa kawaida. Kila pikipiki ilifungwa kamera zinazotazama pande zote, kifaa cha setilaiti cha kuonyesha mahali ilipo na mwendo wake, vipimo vya namna inavyolala kwenye kona, na vipimo vya namna breki zinavyobanwa. Kisha wenye pikipiki wakaambiwa waendelee na maisha yao: kazini, sokoni, matembezini. Hakuna mtafiti aliyewafuata nyuma. Chombo kiliandika kila kitu kimyakimya.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yanastahili kusomwa katika kila nyumba yenye pikipiki. Yalirekodiwa maanguko na migongano 30, na pamoja nayo matukio 122 ya kunusurika, yaani mara ambazo mwendeshaji aliponea chupuchupu. Ni kusema kwamba kwa kila ajali moja zilipita nusura nne. Hizi nusura hazifiki hospitali wala polisi. Hapa kwetu hubaki kijiweni, zikasimuliwa kwa vicheko, kisha zikasahaulika. Kumbe kila moja ilikuwa ni onyo lililotumwa kwa rehema.

Watafiti hao walipolinganisha mazingira, walikuta kwamba kuendesha kwenye udongo au changarawe kulizidisha hatari mara tisa kuliko kwenye lami. Kupita makutano ya barabara yasiyo na taa wala alama ya kusimama kulizidisha hatari mara 41, ukilinganisha na mahali pasipo makutano. Mwendeshaji mwenye papara hatari yake ilikuwa mara 18. Asiye na umakini au ujuzi, mara tisa. Na mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, hatari ilifika mara 30.

Ni kweli kwamba Marekani si Nachingwea. Wale walipanda pikipiki zao wenyewe, hawakupakia mishikaki, wala hawakuwa wakitafuta abiria ili wapate riziki ya siku. Tarakimu zao hatuwezi kuzichukua kama zilivyo tukazivika barabara za Ruangwa na Liwale. Lakini ni nani kati yetu atakayesema kwamba changarawe, njia za vijijini zinazochomoza barabarani bila alama, papara na ukosefu wa ujuzi ni mambo mageni kwetu?

Juu ya ujuzi, kuna utafiti mwingine wa zamani zaidi. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alikamilisha uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika jiji la Los Angeles. Alikuta asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifundisha wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Wengi, walipopatwa na hatari, walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hadi gurudumu likaserereka, na ya mbele wakaitumia kidogo mno.

Msomaji, hebu rudi kwa kijana wetu wa Naipanga. Breki hazikukataa. Juu ya changarawe tairi hushika ardhi kidogo sana. Ukibana breki ghafla ukiwa umelala kwenye kona, gurudumu hujifunga na pikipiki huteleza kana kwamba haina breki kabisa. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, na kubana breki zote mbili taratibu. Hili hufundishwa darasani. Uwanja wa mpira, mbele ya rafiki aliyejua kuendesha mwezi uliotangulia, haulifundishi.

Nilirudi kwa kijana siku ya tatu. Safari hii sikumuuliza "ilikuwaje" kwa jumla; nilimuuliza kidogo kidogo, kama ambavyo chombo kingeandika. Ilikuwa saa ngapi? Karibu na Magharibi. Ulikuwa umekula? Tangu asubuhi, hapana. Kona ile uliwahi kuteleza kabla? Akatulia kidogo, kisha akasema, "Mara mbili, wiki ileile." Kwa nini ulikimbia, basi? Akamtazama baba yake, akainamisha macho. "Hesabu ilikuwa haijatimia, Ustadhi."

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hesabu hiyo nilimwekea mimi."

Wazazi wenzangu, hapo ndipo penye neno langu la leo. Wengi wetu, walimu, wenye maduka, wakulima, tuna pikipiki zinazoendeshwa na watoto wetu au watoto wa wenzetu, na kila jioni tunapokea hesabu. Tunazihesabu noti, tunauliza mafuta, tunauliza tairi. Ni wangapi tunaouliza, "Leo uliponea wapi?" Salafu wetu walitufundisha muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla ya kulala. Muhasaba huo ni chombo kisichohitaji kamera wala setilaiti. Kijana akisema, "Kwenye kona ya mwembe niliteleza," ile nusura imeshaandikwa, na kesho atapita hapo kwa adabu.

Kwa hiyo nausia mambo manne. Kwanza, mafunzo na leseni vitangulie funguo. Fedha za korosho zinazotosha pikipiki hazishindwi kumlipia kijana ada ya kujifunza. Pili, kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tatu, hesabu iwe ya kiasi ambacho kijana anaweza kukifikia bila kukimbia, na siku ya mvua au ya ugonjwa asamehewe. Kumkalifisha mtu zaidi ya uwezo wake kisha kusema "kadari" ni kuidhulumu kadari. Nne, kila jioni, kabla ya noti, iulizwe nusura.

Kwa vyuo vyetu, hasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, nina ombi: vifungieni vifaa japo vichache pikipiki za bodaboda wa wilaya hizi za kusini, kwa ridhaa yao. Hata simu ya mkononi ya kisasa ina uwezo wa kurekodi mwendo na breki za ghafla. Tujue kona zetu zinazoua ni zipi, ili wahusika waziwekee alama. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na udhia si jiwe na mwiba peke yake.

Yule mzee amepunguza hesabu. Mwanawe bado anachechemea, na ameniambia akipona ataanza kwenda kujifunza upya. Yule mama wa mkono uliovunjika wamekwenda kumwomba radhi, na gharama za matibabu yake wamezibeba wao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu njiani, na atujaalie tuwe wenye kuhesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.