Kabla ya Tiketi ya Mosi-oa-Tunya, Uliza Maji

Wengi wetu tukipata likizo fupi huanza na nauli, tukafuata malazi, na hali ya kule tuendako tukaiacha iwe ya mwisho. Kwa safari ya ufukweni utaratibu huo hauna madhara makubwa, maana bahari haikauki. Kwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo Livingstone aliyabandika jina la Malkia Victoria mwaka 1855, unaweza kukupotezea safari nzima. Basi la Dar es Salaam hadi Lusaka kupitia Tunduma hula zaidi ya siku moja, na kutoka hapo hadi mji wa Livingstone zimebaki karibu kilomita 500. Aliyepewa ruhusa ya wiki moja atabakiwa na siku moja au mbili za kusimama mbele ya maji. Hoja yangu ni kwamba safari ikiwa fupi, mwezi na ukingo wa mto vichaguliwe kabla ya tiketi.

Zambezi ina kalenda yake. Mto huu unachimbuka kaskazini-magharibi mwa Zambia, unakatiza Angola, kisha unatanda kwenye nyanda za Barotse ambazo huyashikilia mafuriko kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu mvua za Januari na Februari huonekana maporomokoni baadaye sana, na kilele huwa karibu na Aprili, wakati mvua zenyewe zinaishia. Hapo ukuta wote wenye upana wa mita 1,708 hufunikwa na maji, na ule moshi unaonguruma, ambao Mswahili atalielewa jina lake la Kilozi kwa nusu bila mkalimani, huwa mzito kiasi kwamba unasikia kuliko unavyoona. Kwenye daraja la miguu la upande wa Zambia manyunyu hupanda kutoka korongoni, yakakulowesha kuanzia miguuni huku koti la mvua likilinda mabega tu. Ifikapo Oktoba na Novemba, ukingo huohuo hubaki mwamba mweusi na michirizi michache. Mwishoni mwa 2019, ukame ulipozidi, picha zake zilisambaa duniani. Upande wa Zimbabwe, ambako mwamba uko chini zaidi, maji hayakatiki.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi hajipangii likizo, hupangiwa. Ni kweli, na hapo ndipo ukingo unapokuwa na maana kuliko mwezi. Aliyeangukiwa na Desemba asing'ang'anie Zambia kwa kuwa ndiko basi lilikomshusha. Avuke kwa miguu lile daraja la mwaka 1905, pasipoti igongwe mihuri, alipe kiingilio cha pili. Gharama hiyo inauma, lakini ni ndogo ukiilinganisha na nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya jabali kavu. Mwenye watoto wa shule ana bahati zaidi: likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni na Julai, maji yakiwa bado mengi na moshi umepungua, hivyo kingo zote mbili zinatazamika.

Hoja nzito zaidi ni kwamba maporomoko yana uzuri wake hata yakipungua. Sibishi. Maji yakishuka ndipo jicho linapofika chini ya korongo lenye kina cha takriban mita 108, na wapenda maboti ya mpira huisubiri miezi hiyo kwa hamu. Ila hao wamechagua. Walijua wanachokifuata wakaja kwa wakati wake. Anayerudi Novemba akilalamika kwamba alioneshwa bomba linalovuja hakudanganywa na mto. Maji yalikuwepo siku hiyohiyo, ng'ambo ya daraja.