Uhuru wa Prosesa Wahitaji Umoja wa Mafundi

Uhuru ulioandikwa katika karatasi si uhuru kamili mpaka wenyewe wawe na zana za kuutumia. Hayo wanayajua vyema wote waliopata bendera kabla ya kupata viwanda. Na ndiyo yanayojitokeza leo katika kazi ya prosesa, kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta na simu.

Kila prosesa ina lugha yake ya amri, na kwa miaka mingi lugha zinazotumika sana zimekuwa mali ya makampuni. Ile ya kompyuta nyingi za mezani i mikononi mwa Intel na AMD. Ile ya simu hukodishwa na kampuni ya Arm kwa leseni. Mpangaji hana sauti katika nyumba ya mwenziwe. Mwaka 2022 Arm iliishtaki Qualcomm, mmoja wa wateja wake wakubwa, katika mahakama ya Marekani kwa madai ya kuvunja masharti ya leseni. Qualcomm ilishinda sehemu kubwa ya kesi hiyo Desemba 2024, lakini somo limebaki: ikiwa tajiri kama huyo aweza kuburutwa mahakamani na mwenye nyumba, mnyonge atasema nini?

Kwa sababu hiyo twaipokea kwa moyo mkunjufu lugha ya amri iitwayo RISC-V, iliyoanza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Msingi wake ni amri zipatazo 40 tu, na mtu ye yote aweza kutengeneza prosesa ya kuzifuata bila kulipa ada ya lugha yenyewe. Mwaka 2020 shirika linaloitunza lilihamishia makao yake Uswisi, ili lisiwe chini ya kivuli cha dola moja.

Lakini prosesa isiyo na kompaila ni bubu. Kompaila ni mkalimani: hupokea programu iliyoandikwa na binadamu, akaigeuza kuwa amri ambazo silikoni yaweza kuzitii. Wakalimani wakuu wa chanzo huria ni wawili. GCC ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987; LLVM ilianza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. RISC-V iliingizwa katika GCC toleo la 7 mwaka 2017, na ikatambuliwa rasmi katika LLVM toleo la 9 mwaka 2019. Hapo ndipo uhuru wake ulipoanza kuwa na meno.

Sasa hatari imetoka ndani. RISC-V yamruhusu kila mtengenezaji kuongeza amri zake juu ya msingi. Ruhusa hiyo ni nguvu, lakini pia yaweza kuwa sumu. Tazameni yaliyotokea kwa amri za vekta, zile zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo mmoja. Rasimu yake ya 0.7.1 ilipotoka, wako waliokimbilia kuichonga katika silikoni na kuiuza. Toleo la 1.0 lilipoidhinishwa mwaka 2021, likawa halipatani na rasimu ile. Programu iliyotafsiriwa kwa prosesa moja haikuweza kutumika katika nyingine, ingawa zote zilibeba jina la RISC-V. Wanunuzi wakabaki na kompaila za pembeni, zilizotunzwa na muuzaji peke yake. Na hata kwa toleo lililoidhinishwa, GCC haikuweza kuzitumia amri hizo bila mwandishi wa programu kuziita moja moja mpaka toleo la 14, mwaka 2024.

Mwanachama wa chama hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Tawi likijitungia katiba yake, halipokei tena nguvu ya shina. Na siku viongozi wake wanapochoka, hukauka. Ndivyo ilivyo kwa kampuni inayochukua nakala ya GCC, ikaitia viraka vyake, isivirudishe kwa wenzi. Leo yajiona imewahi soko. Kesho shina limesonga mbele, makosa yamesahihishwa huko, naye mteja amekwama na zana iliyozeeka.

Dawa ni kukubaliana mapema. Ipo hati moja inayoeleza jinsi vipande vya programu vinavyopeana kazi, ili kilichotafsiriwa na GCC kiungane na kilichotafsiriwa na LLVM. Oktoba 2024 uliidhinishwa mkataba uitwao RVA23, unaotaja amri ambazo kila prosesa kubwa inayoufuata lazima iwe nazo, vekta zikiwemo. Na Mei 2023 makampuni yanayoshindana sokoni, miongoni mwao Google, Intel, Nvidia, Qualcomm, Samsung, Red Hat na SiFive, yaliunda umoja wa RISE ili kushirikiana katika kazi ya programu, kwa shabaha ya kupeleka matunda yake katika shina. Agosti 2025 mfumo wa Debian 13 ulitoka ukiitambua RISC-V rasmi kwa mara ya kwanza. Hayo ni matunda ya ushirikiano.

Hata hivyo, tusidanganyike. Makampuni hayo hayakukutana kwa huruma. Yamekutana kwa sababu gharama ya kutengana ni kubwa. Alipaye ndiye achaguaye kazi ya kwanza, na haja ya mwenye maghala ya kompyuta si lazima iwe haja ya fundi mdogo au ya shule. Zaidi ya hayo, kiraka hakiingii katika shina mpaka mtu mwenye ujuzi akisome, akipime na kukikubali. Kazi hiyo haina fahari, nayo hubebwa na watu wachache. Kuleta viraka mia bila kuleta msomaji mmoja si kusaidia. Ni kumtwika mwenzio mzigo.

Kwa hiyo twasema wazi. Asiuze mtu prosesa yenye amri mpya kabla ya kompaila za shina kuzijua. Anayefaidika na kompaila awalipe wanaozitunza, si wanaoziongezea mapambo tu. Na majaribio yafanyike hadharani, ili hata asiye na kampuni aone palipoharibika.

Nasi haya yatuhusu. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa aweza leo kusoma kitabu cha amri za RISC-V na chanzo chote cha GCC bila kuomba ruhusa ya mtu. Mlango huo u wazi maadamu shina ni moja. Likipasuka vipande kumi, kila kipande kitapata mwenyewe, na kila mwenyewe ataweka kufuli. Kidole kimoja hakivunji chawa.