Namba ya siri pekee haitoshi

Mchuuzi wa mitumba katika Gikomba aghalabu hafungi kibanda chake kwa kufuli moja. Lakini akiba yake ya benki, anayoifikia kwa intaneti, hulindwa kwa namba ya siri na tarakimu chache zinazotumwa kwenye simu. Tunaambiwa tarakimu hizo ndizo kufuli la pili.

Si kweli. Ujumbe huo huifuata namba ya simu, wala si kadi unayoimiliki. Tapeli akijifanya wewe, akapewa kadi mpya ya namba yako, yako hufia mfukoni na tarakimu zote humwendea yeye. Lugha nayo imetupumbaza: namba na kadi vyote twaviita "laini". (Nami, mwanaisimu, sikulitambua hilo hadi nilipopoteza yangu.)

Estonia ilianza kutoa vitambulisho vyenye chipu mwaka wa 2002. Mwenyewe huchomeka kadi kwenye kisomeo cha kompyuta, kisha hutia namba ya siri. Ufunguo uliomo ndani ya chipu hautoki humo, hivyo hauwezi kunaswa njiani. Mwizi wa kadi hana namba. Aliyedokoa namba hana kadi.

Maisha Card yetu pia ina chipu. Je, kazi yake iwe kuonyeshwa mabawabu tu? Serikali na iifanye ufunguo wa huduma za mtandaoni, kuanzia na mwanafunzi anayeomba mkopo wa masomo. Na ikipotea, mpya itolewe kwa alama za vidole, mwenyewe akiwa amesimama pale.